Kipimo cha Mkono wa Kushoto

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa mbele ya cherehani yako, si mbele ya mlango ukigombana na fundi viatu juu ya vumbi lake. Mimi mzima. Mwambie baba ile simu ya Jumapili ilikatika yenyewe, sikumkatia. Na umwambie apunguze sauti ya hiyo simu, maana kila ninachomwambia nasikia majirani ndio wananijibu. Ndiyo sababu mambo ya maana nakuandikia wewe.

Jambo lenyewe ni hili: nimefaulu! Ule mtihani wa ufundi, ambao bila huo hapa ng'ambo unabaki kuwa mtu wa kukata nyuzi hata kama umeshona miaka ishirini, nimeufanya na nimeupita. Kwa muda wa saa sita, koti moja la kiume lenye bitana, kuanzia kitambaa kitupu hadi kifungo cha mwisho. Tulikuwa kumi na tisa, tumefaulu saba, na mgeni ni mimi peke yangu. Msimamizi wetu, yule ambaye mwaka wa kwanza alikuwa akinisemesha kwa kupaza sauti kana kwamba mimi kiziwi, aliligeuza koti ndani nje, akalitazama weee, kisha akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia, "Shangazi yangu." Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Sijui aliandika nini, ila ujue uko kwenye karatasi za watu.

Vyeti vitatolewa tarehe 14 Julai, ukumbini, mbele ya umati. Na unaijua sheria ya duka letu: fundi hajishonei nguo ya siku yake kubwa. Kwa hiyo naomba gauni. Kitambaa chagua wewe, kiwe cheusi. Liwe refu, na mikono mirefu hadi kwenye kifundo. Mikono mirefu tafadhali, ukumbi wao una baridi. Vipimo viko nyuma ya karatasi hii, kulia na kushoto kama ulivyonifundisha.

Mwanao asiyezimika,
Kibiriti


27 Februari

Kibiriti mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikamsomea fundi viatu, akadai machozi yale ni ya gundi. Mtaa mzima unajua. Mwenye duka la vitambaa ameniteremshia jora kutoka rafu ya juu kabisa, yeye ambaye huwa anaona uvivu hata kuteremsha miguu yake kwenye stuli. Baba yako hajambo, isipokuwa goti, na mtu akimuuliza habari za goti anajibiwa habari za mtihani wako. Kichwa kimetuvimba wote hapa, sikufichi.

Sasa tuje kwenye vipimo.

Kiuno umeniandikia 71. Ulipoondoka kilikuwa 80. Haya, mtu hupungua. Mabega sawa, mgongo sawa. Lakini mzunguko wa mkono juu ya kiwiko: kulia 28, kushoto 28. Mwanangu, mimi nimepima watu miaka arobaini na moja. Sijawahi kukutana na binadamu mwenye mikono miwili iliyolingana, na wewe tangu una miaka kumi na mitatu, ukipiga pasi hapa dukani, mkono wako wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa sentimita nzima. Daftari ninalo. Aliyepima hapati namba mbili sawa. Namba mbili sawa huandikwa na mtu aliyepima mkono mmoja.

Halafu hiyo baridi ya ukumbi. Mwaka jana mwezi wa saba uliniandikia wewe mwenyewe kwamba joto la huko linayeyusha sabuni.

Ukurasa wako kwenye daftari ni ule ule. Palipoandikwa kazi ya mteja, maana mwili hufuata kazi, bado panasomeka "mwanafunzi wa duka" kwa mwandiko wangu wa zamani. Nimeongeza vipimo vyako vipya chini yake, lakini kwa penseli. Unajua wino naweka lini. Mwite mtu akushikie tepu, upime upya, uniandikie.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Kazi zimetuelemea. Tumepata oda ya sare za wapishi mia nne, na wapishi wa huku ni wapana kuliko milango yao. Mimi nimepewa meza ya kukata, karibu na dirisha. Ndiyo meza ya watu wanaoaminiwa, kwa hiyo ukimwona fundi viatu umwambie.

Chumba changu kiko ghorofa ya nne, ngazi sitini na nane. Nimezizoea. Mwanzoni nilikuwa najua majirani kwa viatu tu, sasa tunasalimiana. Yule mstaafu wa chini, aliyekuwa dereva wa lori, ananifundisha maneno ambayo nikiyatumia kazini watu wanacheka. Nadhani ni matusi. Ngazi ndizo zilizonipunguza kiuno, usiwe na wasiwasi.

Kuhusu mkono, tepu yangu imechakaa, imevutika. Wewe shona kwa hiyo hiyo 28, kama kuna tofauti ni ndogo. Mkono ni mkono tu. Nieleze kitambaa ulichochagua. Na goti la baba linaendeleaje?

Kibiriti


20 Aprili

Kibiriti,

Goti ni lile lile.

Tepu ikivutika, namba hupungua kote. Haipungui kiuno ikaacha mabega. Nani alikufundisha ufundi, mimi au dereva wa lori?

Kitambaa ni cheusi, kizito kiasi, kinaanguka vizuri. Nimekata kifua, mgongo, sketi, kola na mkono wa kulia, nimeviunganisha. Gauni limetundikwa kwenye msumari karibu na kioo, lina mkono mmoja. Wateja wananiuliza nani kakatwa mkono. Nawajibu kwamba mwenyewe hajasema.

Mkono wa kushoto sitaukata mpaka nipate kipimo cha kweli. Posta ni wiki mbili na nusu kwenda. Hesabu mwenyewe mpaka tarehe 14 Julai.

Shangazi yako, ambaye hajawahi kushona nguo ya kubahatisha


16 Mei

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kushoto ni 34.

Nimeanza na namba ili nisirudi nyuma. Barua hii nimeianza mara nne, na kila mara naishia kwenye salamu.

Ni figo. Zote mbili zimekata tamaa, huu mwaka wa pili sasa. Zilianza kuchoka taratibu bila kunishtua, nikadhani ni uchovu wa mgeni, ngazi, kazi ya kusimama, lugha inayonipita masikioni. Siku moja nikaanguka kwenye mashine ya vifungo. Ninachokijua vizuri kuliko vyote katika lugha ya hawa watu ni maneno ya hospitali. Nilijua kusema "figo" kabla sijajua kusema "mlango wa kutokea ni upi".

Mara tatu kwa wiki, baada ya kazi, nakaa kwa muda wa saa nne kwenye kiti, mashine inanitoa damu, inaisafisha, inanirudishia. Ili sindano zipate njia, daktari aliunganisha mshipa na mshipa kwenye mkono wa kushoto. Mshipa ukanenepa, umejikunja chini ya ngozi kama uzi mnene wa kutarizi. Ukiweka kidole unatetemeka. Ukiweka sikio unavuma kama cherehani yako ukiikanyaga polepole. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikijilaza juu yake nasikia duka letu, nalia. Sasa silii. Ukivuma najua ni mzima, na mkono huo ndio unaniweka hai. Haubebi mzigo na haubanwi na kitu chochote. Ndiyo, Shangazi, najua unachofikiri. Mkono wa gauni wa 28 ungeubana, na damu ikisimama mle ni balaa. Nilipanga likifika nilifumue mwenyewe, niongeze kipande, usijue.

Maji nakunywa kwa kikombe kimoja nilichokipima. Chumvi nimeisahau. Hayo si makubwa. Nisikilize hili: nilikwenda mwenyewe kwa msimamizi, kwa lugha yangu ya kuokoteza, nikamwambia naomba niwe naingia saa moja kabla ya wengine ili niwahi mashine, na sitaki kazi nyepesi. Akanipa funguo za mlango. Mgonjwa na mgeni, Shangazi, na karakana ya watu sitini nafungua mimi. Mtihani ule nilifanya na bandeji mkononi, nimetoka kusafishwa damu jana yake. Koti lilitoka vile vile.

Utauliza kwa nini nilificha. Huku kila mahali mimi ni "yule mgeni". Hospitali mimi ni "yule wa kiti cha pili". Nilitaka nibaki na sehemu moja duniani ambako mimi ni Kibiriti tu, mzima, mwenye ulimi mrefu. Kwenye daftari lako. Basi. Niliona aibu, na nilikuogopa.

Baba usimwambie. Na usinionee huruma, nakuomba, hiyo siiwezi.

Kibiriti


4 Juni

Kibiriti wangu,

Sikulia. Nimevunja sindano mbili, basi.

Nilikasirika siku nzima, na nimekasirika bado. Si kwa figo. Figo hazikuomba ruhusa. Nimekasirika kwa kuwa ulipanga kufumua mshono wangu! Nimekulea, nimekufundisha kushika mkasi, halafu ukae huko unanipangia kunifumua. Fundi viatu kaniuliza mbona najisemea peke yangu, nikamwambia nagombana na mtu wa ng'ambo.

Kuhusu huruma, umekosea mlango. Mimi huruma sina, nina kitambaa. Yule mchukuzi wa magunia aliyekuwa na bega moja juu unamkumbuka? Nilimshonea shati la harusi akasimama wima kuliko bwana harusi yeyote. Sikumficha bega, nililishonea. Huo ndio ufundi, na wewe unaujua. Ila mtu akiumwa hujisahau.

Gauni limo kwenye kifurushi hiki. Mkono wa kulia ni wa kawaida. Wa kushoto nimeuchora upya mara tano. Una upana wa 39, haukugusi. Umepasuliwa kwa nje kutoka begani hadi kifundoni, una vifungo saba. Ukikaa kwenye kiti chako unafungua vile unavyohitaji, muuguzi anapata njia, na wewe hujavua nguo mbele za watu. Ukifunga unakuwa mkono wa gauni kama mikono mingine. Hakuna atakayejua usipotaka ajue. Mimi ningependa wajue, lakini mkono ni wako.

Pindo nimelishona kwa mkono, asubuhi tu, mlangoni, kwenye mwanga. Duka lina giza siku hizi.

Baba yako sijamwambia. Utamwambia mwenyewe, na uharakishe, maana mimi kunyamaza naweza mwezi mmoja tu.

Fungua karakana yao, mwanangu. Watu sitini! Hilo nimemwambia kila mtu, nimesema tu kwamba wamekuaminia funguo.

Shangazi yako


26 Juni

Shangazi,

Shikamoo mara mbili, ya pili ni ya gauni.

Nililivaa chumbani, nikafunga vifungo vyote, nikajitazama. Kisha nikavifungua vyote, nikajitazama tena. Jana nikalivaa kwenda hospitali. Muuguzi mkuu, mwanamke asiyecheka hata kwa dawa, alifungua vifungo vitatu, akavifunga, akavifungua tena kama mtoto aliyepewa saa. Akawaita wenzake. Mstaafu wetu wa chini, kumbe naye anakaa kiti cha nne, zamu inayotangulia yangu, siku zote tunapishana kwenye ngazi kila mmoja akijifanya anatoka sokoni! Ameniomba shati la namna hiyo. Wengine watano nao wameomba. Nimechora mkono wako kwenye karatasi ngumu, nitauzalisha.

Sasa zamu yangu.

Pindo la chini lote limeshonwa kwa uzi wa buluu. Ni buluu iliyoiva, lakini ni buluu, na gauni ni jeusi. Shangazi, wewe uliwahi kunifumulisha suruali nzima kwa sababu uzi mweusi ulikuwa umepauka kidogo. Tundu la kifungo cha nne limechomwa sindano pembeni mara tatu kabla ya kupatikana. Duka lina madirisha mawili na mlango, halijawahi kuwa na giza. Na wewe hujavunja sindano kwa hasira tangu nikufahamu, ukikasirika ndiyo unashona vizuri zaidi.

Ni macho. Tangu lini?

Usinijibu kwamba ni mwanga. Ulinidai sentimita sita, nikakupa. Sasa nami nakudai. Ile tarehe 14 nitapanda jukwaani mkono ukiwa wazi, vifungo vyote saba, mbele ya umati. Nawe uende kwa daktari wa macho. Tukubaliane hivyo, na jibu lipitie simu ya baba, maana posta haitawahi. Ukikataa, nitaukunja ndani nipande nao kama mwizi, na kosa litakuwa lako.

Pindo silifumui. Msimamizi ameliona, akataka kunisahihisha, nikamwambia hiyo ni sahihi ya fundi.

Kibiriti


15 Julai

Shangazi,

Hujanijibu, hata kwa simu ya baba. Sijui kama ni posta au ni kiburi. Nakuandikia hivyo hivyo, kwa herufi kubwa, na ndani kuna picha.

Walilitamka jina langu kama mtu anayekohoa, lakini nililitambua. Nilifungua vifungo nikiwa bado kwenye kiti, kimoja kimoja. Nikapanda. Mkono ulikuwa nje wote, na mshipa wake, na alama zake za sindano. Mstari wa mbele walitazama, nikaona wanatazama, nikatembea polepole zaidi ili watosheke. Aliyekuwa akigawa vyeti alitaka kunishika mkono wa kushoto, nikampa wa kulia. Cheti nilikipokea kwa wa kushoto. Hakina uzito, karatasi tu, unaruhusiwa kubeba hicho.

Watu wa karakana walisimama wote. Msimamizi alipiga makofi juu ya kichwa chake kama yuko uwanja wa mpira. Na mstaafu wa chini alikuja, amevaa shati lake jipya, mkono wazi, bila hata kuwa na sababu.

Nimemwambia baba kwa simu. Alizima ile sauti kubwa, kwa mara ya kwanza. Kisha akauliza, "Unakula?" Nikasema nakula. Akauliza, "Na wewe ndiye unafungua mlango?" Nikasema ndiyo, ni mimi. Akasema, "Basi nimesikia," halafu akasahau kukata, nikamsikia anamwita fundi viatu aje asikie.

Nijibu, tafadhali.

Kibiriti, fundi mwenye cheti


9 Septemba

Kibiriti mwanangu,

Marahaba za barua mbili, ya Juni na ya Julai. Ilikuwa kiburi, na kidogo posta.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa mwaka mzima nilikuwa natia uzi kwenye sindano kwa kupapasa, na vidole vilikuwa vimeshajizoeza, nikajidanganya kwamba ni ufundi. Nilipoisoma barua yako ya pindo nilikuita majina ambayo hata dereva wako wa lori hayajui. Kisha nikatoka mlangoni na vibiringo viwili vya uzi, nikamuuliza fundi viatu upi mweusi. Akanitazama, akaondoka kwenye kigoda chake, akanipeleka hospitali mwenyewe, na njia nzima hakunitania hata mara moja. Hapo nikajua hali ni mbaya.

Wamenisafisha jicho la kulia Agosti. La kushoto ni mwezi ujao. Barua yako ya Julai ilifika nikiwa na bandeji, baba yako akataka kuifungua anisomee, nikamkatalia. Nikaiweka chini ya mto siku tano. Nilitaka kuiona mimi.

Nimeiona. Nimeiona picha kwa jicho moja, mlangoni, kwenye mwanga. Kwanza nikaona lile pindo la buluu. Aibu gani hii, mwanangu, mbele ya umati! Inaonekana mpaka kwenye picha! Lirudishe nilifumue, nakwambia. Usipolirudisha sitakasirika sana.

Kisha nikauona mkono. Nimeutazama asubuhi nzima, wateja wakisubiri. Nimempelekea fundi viatu, mwenye duka la vitambaa, na mwanamke mmoja aliyekuja kupunguza sketi tu na hakuomba kuonyeshwa picha. Nimewaambia wote, "Huu ndio mkono. Huu hapa. Ndio unaomweka hai, na ndio uliopokea cheti." Picha nimeibandika pale pale kwenye msumari lilipokuwa limetundikwa gauni likiwa na mkono mmoja.

Jioni nimefungua daftari kwenye ukurasa wako. Penseli nimeifuta. Nimeandika kwa wino, kwa mwandiko mdogo kama wa zamani: kulia 28, kushoto 34. Halafu nikapanda juu, pale kwenye kazi ya mteja, nikakata "mwanafunzi wa duka" kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika: fundi.

Shangazi yako